Baridi ya Kulwa

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa vidole kuliko kwa macho. Nilitoka Kawajense alfajiri kwa baiskeli ya baba, nikaendesha mpaka Kakese nikiwa na sweta jekundu la mtoto kwenye mfuko, nikafika vidole vimekufa ganzi. Kabla jua halijapanda vizuri nilikuwa njiani narudi, na sweta lilikuwa kwenye mfuko ule ule. Halikupokelewa. Tangu nijifunze kufuma nilikuwa sijaona zawadi ya mtoto ikirudishwa, na tangu siku ile sijaona tena.

Nakusimulia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuja hapa na sindano mpya na uzi wa dukani, ukaniambia, "Bibi, nifundishe kufuma, nataka kumfumia mtoto wa kaka, yule mdogo mwenye kifua." Kufuma nitakufundisha. Mikono yako ni mizito kidogo, lakini mikono hulainika. Ila kabla hujaweka kitanzi cha kwanza kwenye sindano, kaa hapo unisikilize, na simu iweke kando. Haitaoza.

Miaka hiyo ya tisini mji wetu wa Mpanda ulikuwa makao ya wilaya tu, tukiwa chini ya Rukwa, na karibu kila kitu kizuri kilitujia kwa treni ya Kaliua. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, niko nyumbani nasaidia shamba la karanga, sijaolewa. Wachumba walikuwa wanachelewa. Nadhani nao walikuwa wanasubiri treni. Kufuma nilifundishwa na sista mmoja mzee pale misheni, mwanamke mkali asiyependa kicheko darasani. Sindano zake zilikuwa za dukani. Za kwetu zilikuwa spoki za baiskeli, tulizozinoa ncha kwenye jiwe na kuzisugua kwa majivu mpaka zikateleza. Spoki ina ubaya mmoja tu: asubuhi ya baridi inauma vidole kuliko hewa yenyewe.

Uzi wa dukani ulikuwa adimu. Sisi tulikwenda kwenye mitumba pale sokoni Kashaulili, tukachagua sweta la mtu mzima, tukalifumua, tukaufua uzi na kuutundika ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke, halafu tukaanza upya. Na kuchagua kuna kazi yake. Tazama mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mashine, uzi utakutokea vipande vipande kama tambi, liache hilo. Kama vipande viwili vimeunganishwa tu, vuta, uzi utakufuata mpaka mwisho.

Basi niliwafumia watoto wa ndugu zangu wote. Kofia, soksi, masweta ya kufunga vifungo mbele. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyolelewa, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kubeba nilipokwenda kusalimia, nilibeba kazi ya mikono yangu. Sifa nilikuwa nazo. Shangazi zangu walisema mtoto asiyevaa sweta la Skola bado hajazaliwa vizuri. Mimi mwenyewe, ikifika miezi ya sita na ya saba, nilijitanda kitenge. Mganga hajigangi. Hilo hakuna aliyeliona, na mimi pia sikuliona.

Sasa lazima nikueleze habari za mdogo wangu Restituta, maana bila yeye hutaelewa kitu. Resti alizaliwa njiti. Mama alimlea kifuani kama yai, na nyumba nzima ikajipanga kumzunguka. Blanketi zuri lilikuwa moja, likawa la Resti. Maziwa yakipatikana, ya Resti. Mimi nilizaliwa na uzito wa kutosha na sauti ya kutosha, nikawa mtu wa kuni na maji. Mama alikuwa akinitwisha ndoo anasema huku anacheka, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," ingawa sisi ni Wakonongo. Sikulalamika. Nilijivunia. Mtoto mwenye nguvu huzipenda nguvu zake kwa sababu mara nyingi ndicho kitu pekee alichopewa.

Resti akakua, akapona, akawa mzuri kunishinda, akaolewa na Mabula. Huyo alikuwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini wakaweka makazi yao Kakese. Miaka ile sisi wenyeji tuliwatazama wageni hawa kwa jicho la pembeni. Wakulima waliwaogopa ng'ombe, na ng'ombe nao, nadhani, walikuwa na maoni yao kuhusu wakulima. Lakini Mabula alikuwa mtu mwema, na mahari ilipoingia Kawajense kwa miguu yake yenyewe, ng'ombe wanne wanne, maneno yalipungua.

Mama yake Mabula aliitwa Ng'wana Masanja, yaani binti wa Masanja, maana kwao mwanamke hata akizeeka anabaki binti wa baba yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa maneno machache. Resti alimwogopa. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kushika mimba, na alijua macho yote ya boma lile yanamtazama tumbo. Ng'wana Masanja hakumsema hata siku moja, lakini mtu asiyesema naye anatisha. Kisha Mungu akampa Resti pacha, wavulana wawili. Kwa Wasukuma jina la pacha halitafutwi: aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto.

Nilikwenda kuwaona. Kulwa alikuwa donge la mtoto, shingo imejaa, ananyonya kama anayedai haki. Doto alikuwa mdogo, ngozi imelegea, na kifua chake kilikuwa kinakoroma. Nilipomshika nilihisi nimemshika Resti wa zamani. Nikarudi Kawajense na jambo moja tu kichwani: yule mtoto avikwe kabla baridi ya mwezi wa saba haijafika.

Sokoni nilipata sweta moja jekundu, sufu nzuri, laini, la mwanamke mdogo wa huko Ulaya. Lilikuwa moja tu. Niliona mapema kwamba uzi wake ungetosha sweta moja la mtoto lenye mikono, na labda ubaki wa kofia. Sikuwaza mara mbili. Chanda chema huvikwa pete, na chanda kigonjwa huvikwa kwanza. Hayo ya pili niliongeza mwenyewe. Nilifuma usiku na mchana, nikaweka kola ndefu ya kufunika koo, nikamalizia kwa vifungo vya gauni langu la kipaimara. Lilikuwa sweta zuri, mwanangu. Nasema hivyo bila aibu, maana limeshakufa na marehemu husifiwa.

Nilipofika Kakese asubuhi ile, Ng'wana Masanja alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anasukasuka maziwa kwenye kibuyu ili atoe siagi. Watoto walikuwa wamelazwa ubavuni mwake juu ya ngozi ya ng'ombe. Nikapiga goti.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa lugha yao, yaani habari za asubuhi, mama, kama Resti alivyonifundisha.

"Mwangaluka, ng'wanone. Umekuja na baridi yote hii?" akasema, akiniita mwanawe.

"Nimekuja, mayu. Nimemletea mtoto nguo."

Resti akatoka jikoni anajifuta mikono, uso umemchanua. Nikatoa sweta. Nililishika juu kwa mabega ili walione. Ng'wana Masanja alilitazama, na kibuyu hakikusimama, kinaenda na kurudi, kinaenda na kurudi.

"Zuri," akasema. "Ya mwenzake iko wapi?"

"Ya mwenzake nitafuma baadaye, mayu. Uzi uliisha. Nimeanza na Doto kwa sababu ndiye anayekohoa. Kulwa ana nguvu."

Hapo kibuyu kikasimama. Akakiweka chini polepole, akakiegemeza ukutani kisidondoke.

"Hapa kitu cha pacha kinakuja viwili," akasema. "Au hakiji. Hii rudi nayo, ikamsubiri mwenzake."

Nilidhani anatania. Nikamtazama Resti anisaidie, naye akatazama chini, vidole vinavuta uzi wa khanga yake. Basi nikapandisha sauti, jambo ambalo mtu hafanyi ugenini, na zaidi hafanyi mbele ya mkwe wa mdogo wake.

"Mayu, mtoto anaumwa! Mila itamponya kifua?"

"Namsikia akiumwa," akasema, hakupandisha yake. "Analala mgongoni kwangu, chini ya blanketi langu. Zahanati tumetoka juzi na dawa anakunywa. Wewe umekuja leo. Nikuulize kitu. Nani amekwambia Kulwa haoni baridi?"

Nilikasirika. Uji nilioletewa niliunywa nusu. Resti alinisindikiza mpaka kwenye mti wa mwisho wa boma akanishika usukani wa baiskeli.

"Dada, nisamehe. Usishindane naye. Mimi ndiye ninayebaki hapa."

Nilirudi Kawajense nimejaa maneno, na mama yangu aliyapokea yote kwa furaha. Alikuwa hajawahi kuwaelewa wale watu, na sasa nilimletea sababu. Akaketi kwenye mkeka anabangua karanga, akanipa shauri lake.

"Achana na yule bibi. Mpelekee Resti sweta kimya kimya. Bibi akienda kisimani, mtoto avikwe. Akirudi, avuliwe. Mtoto akishapona nani atauliza?"

Lilikuwa shauri la mama mwenye uchungu wa mjukuu, simlaumu. Na nilikaribia kulifuata. Lakini nilikuwa nimeuona mkono wa Resti kwenye usukani. Kama siku moja bibi angerudi mapema kutoka kisimani, ni nani angebaki katika nyumba ile akitazamwa kama mwizi? Mimi ningekuwa Kawajense nakula karanga. Miaka yote ile ya kusubiri mtoto, heshima yote aliyoijenga kwa mama mkwe wake kidogo kidogo, ingefumuka kwa sababu ya uzi wangu mwekundu. Nikamwambia mama hapana.

Mama akashangaa. Akaendelea kubangua, halafu akasema, kama mtu anayezungumza na karanga zake, "Siku zote mdhaifu ndiye wa kwanza. Wewe si nilikulea hivyo hivyo? Mbona ulikua?"

Ni kweli nilikua. Lakini lile swali la Kakese, lililokuwa linanikera njia nzima, likakaa sawa kichwani kwangu kama mtu aliyepata kigoda. Nani amekwambia Kulwa haoni baridi?

Nikarudi sokoni kutafuta sufu nyingine nyekundu. Haikuwepo. Mtumba haurudii; kila sweta lina safari yake na halina pacha. Marobota mapya yalikuwa yanangojewa na treni ilikuwa imekwama huko njiani, kama desturi yake. Nikapata bluu, nikaiacha. Nilishaelewa kwamba yule bibi hangepokea jekundu na bluu, maana siku moja mtoto angeuliza kwa nini la mwenzake linapendeza zaidi. Ilibaki njia moja, na mtu yeyote anayefuma anajua njia hiyo inavyouma.

Nililifumua. Unakata fundo la mwisho, unavuta, na kazi yako inakukimbia mstari kwa mstari, kwa haraka ambayo haikuwa nayo wakati unaijenga. Nilipofika kwenye kola nilisimama kidogo. Niliipenda ile kola. Kisha nikavuta. Nilipomaliza nilikuwa na tonge la uzi mapajani lisilozidi kichwa cha Doto, na vifungo vyangu vya kipaimara.

Mikono ya sweta hula uzi mwingi, mwanangu, kumbuka hilo ukianza. Ukiiacha mikono, unapata kizibao, na kizibao hufunika kifua na mgongo, ambako ndiko baridi huingilia. Nilipima, nikapima tena. Vizibao viwili vingetoka, vifupi, vikiishia juu kidogo ya kitovu, kama nitabana vitanzi na kama sitakosea. Nilivifuma kwa pamoja, mistari michache hiki, mistari michache kile, ili mkono wangu ukichoka uchokee vyote sawa. Nikavigawia vifungo. Nilipovilaza kimoja juu ya kingine hungeweza kujua kipi kilitangulia.

Asubuhi niliyovipeleka ilikuwa baridi kuliko ile ya kwanza. Mwezi wa saba ulikuwa umeingia na nyasi za pembeni mwa njia zilikuwa na umande unaolowesha miguu mpaka magotini. Niliendesha kwa mkono mmoja, mwingine nimeuficha ndani ya kitenge, nikibadilisha. Nilipofika Kakese sikuweza kufungua fundo la mfuko. Ng'wana Masanja ndiye aliyenifungulia.

Akavitoa. Akaviweka kimoja juu ya kingine kwenye paja lake, akavinyoosha, akapitisha kidole pembeni kuanzia begani mpaka chini, polepole, kama anayekagua ndama wawili kabla ya kununua. Kisha akaita, "Resti! Njoo mchukue Doto. Mimi huyu."

Wakawavika kwa pamoja. Hakuanza mmoja akafuata mwingine. Mkono huu na mkono ule, kifungo hiki na kifungo kile, wanatazamana Resti na yule bibi ili wasipishane. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mdogo wangu akitabasamu mbele ya mama mkwe wake.

Doto alifanya walichotegemea wote: alilia, maana hakupenda kuvishwa kitu. Kulwa ndiye aliyenishangaza. Yule donge la mtoto, mwenye nguvu, asiyelia, alivuta pumzi moja ndefu, akaacha mabega yashuke, akalala pale pale mapajani kwa bibi yake. Alilala kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu. Ng'wana Masanja akanishika mkono wangu akauweka kwenye nyayo za Kulwa. Zilikuwa za baridi kama mawe ya mtoni.

"Unaona," akasema. "Huyu alikuwa anapigwa na baridi kimya kimya. Baridi haimruki ng'ombe mnono, ng'wanone. Ni sisi tu tunaomruka."

Naye, yule mwanamke asiyesema, akasema.

"Mimi ni Doto. Hapa wananiita Ng'wana Masanja, lakini jina langu ni Doto. Kulwa wangu alikuwa mwanamume, mkubwa, mzima. Mimi nilikuwa kama huyu mdogo. Kwetu ilikuja njaa, na mama akasema mila ingoje, mdhaifu kwanza. Maziwa nikapewa mimi. Nguo nikapewa mimi. Yeye akapewa fimbo ya kuchunga, maana ana nguvu. Hakunichukia. Alizoea tu kutohesabiwa. Akakua, akaenda zake mbali na ng'ombe. Nilikuja kumwona tena nikiwa na watoto wangu, kwenye msiba. Nilimkimbilia. Alinisalimia kama mtu anayemsalimia jirani."

Akamgeuza Kulwa kidogo, kichwa kikae vizuri.

"Hakuna aliyenidhulumu," akasema. "Ila ndugu yangu sikumpata."

Nikaona ameshaiacha habari hiyo. Alikuwa ananitazama vidole. Vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, na nilikuwa bado nimevikunja.

"Na wewe," akasema. "Wewe sweta lako liko wapi?"

"Mimi sihitaji, mayu. Mimi nina nguvu."

Nilikuwa nimelisema jibu hilo maisha yangu yote na halikuwahi kunikwama. Siku ile lilitoka, likasimama katikati yetu, na wote watatu tukalitazama. Resti akawa wa kwanza kusema. Hakuniangalia, alimwambia Doto aliyekuwa mikononi mwake.

"Nilikuwa nasikia meno yake yakigongana. Tukilala. Mimi kwenye blanketi, yeye kwenye mkeka. Nilikuwa namsikia, najifanya nimelala, maana niliogopa wangelichukua blanketi."

Basi, mwanangu, nililia. Mimi si mtu wa kulia; hata mazishi huwa natazama nani amekuja. Nililia mbele ya mkwe wa mdogo wangu kama mtoto aliyeanguka kwenye mwembe, na sikuweza kusema ni kwa ajili ya nini, maana hakuna aliyenifanyia ubaya wowote. Nilikuwa nampenda Resti. Nilikuwa nimewafumia watoto wake. Lakini nilijua pale pale kwamba nilikuwa nimeanza zamani kumsalimia kama jirani, kwa adabu, kwa zawadi, kwa safari fupi za asubuhi, na kwamba ningeendelea hivyo mpaka uzee kama lile neno lisingesemwa.

Ng'wana Masanja hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akachukua kibuyu chake akaanza tena kusukasuka.

"Ukija tena hapa," akasema, "uje umevaa sweta la kwako, ulilolifuma wewe. Ukija na kitenge hicho nitakurudisha njiani, kama nilivyorudisha lile jekundu. Unanijua."

Nilimjua. Nilipofika Kashaulili nilipita sokoni nikachukua ile sufu ya bluu niliyoiacha. Uzi ulikuwa mkorofi, una mafundo, lakini nilifuma sweta la mtu mzima, lenye mikono mirefu na kola. Mama aliuliza ni la nani. Nikamwambia la Skola. Akanitazama, na kesho yake asubuhi ndoo ya maji niliikuta imeshajazwa. Hatukulizungumza hilo, yeye na mimi, hata siku moja. Kwa watu wa kwetu hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Resti alikuja kukaa kwetu wiki nzima mwaka ule baada ya mavuno, na kila tulipokwenda kulala alinivuta tulale blanketi moja kama wasichana, tukicheka mpaka mama anagonga ukuta. Kulwa na Doto unawafahamu. Doto ndiye yule mwenye kitambi anayeuza mchele, na Kulwa anaendesha bajaji, na ukiwaambia sasa kwamba Doto ndiye aliyekuwa mdhaifu, wanabishana. Vile vizibao Resti amevihifadhi. Wamegombania mara nyingi kipi ni cha nani, na hawatajua kamwe, kwa sababu hata mimi sijui.

Sasa nikupe neno langu, halafu tuanze kazi, maana jua linatuacha.

Mwanangu, ukitaka kumpa mtoto kitu cha mikono yako, angalia kwanza anayekuomba, halafu ugeuke umwangalie yule asiyekuomba. Anayelia hasahauliki, kilio ni mguu wake, kitamfikisha. Yule mwenye nguvu, anayebeba maji, anayesema "mimi sihitaji," ndiye unayeweza kumpoteza ukiwa unamwona kila siku. Sisemi mgonjwa asipewe. Mpe. Lakini kama uzi hautoshi masweta mawili, usifume sweta moja. Fuma vizibao viwili. Upendo mfupi unaofika kwa wote wawili huwapasha moto kuliko mrefu unaoishia kwa mmoja. Na ikiwa yule mwenye nguvu ni wewe mwenyewe, usingoje bibi wa Kisukuma akutishie njiani. Fuma la kwako, uvae, watu waone kwamba wewe nawe una mwili.

Kaka yako ana watoto wawili. Nimekuwa nakusikiliza tangu asubuhi, mdogo mwenye kifua nimemsikia jina lake mpaka nimelikariri. Huyo mkubwa hujamtaja. Leta huo uzi wako tuupime upya.

Nenda na baraka zangu, Skola mdogo, maana jina langu ulipewa na nguvu zangu umerithi. Mungu asikupunguzie uzi wala subira. Watoto utakaowavika wakue wakiitana ndugu. Na wewe akupe mtu wa kukuuliza kama unaona baridi, na siku atakapokuuliza, akupe ulimi wa kusema ndiyo.